Tangazo la Pilau Lililoingia Msibani

Vijana wa mtaani kwetu Dunda, Bagamoyo, wananiita Bibi Mtandao, na wengine hulitamka jina hilo kwa kejeli kidogo nikipita, wakidhani sisikii. Nasikia vizuri sana. Sikasiriki, maana jina lenyewe nimelifanyia kazi. Kabla hamjajua kutambaa, nilikuwa na kompyuta nne zile za chogo kwenye chumba cha nje cha nyumba ya marehemu baba, feni moja inayolia kama mgonjwa, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: INTANETI. Watu walipita, wakakisoma, wakaniuliza inauzwa kwa kilo au kwa lita.

Sasa nimestaafu. Hakukuwa na sherehe wala hotuba, kwa kuwa bosi alikuwa mimi na mstaafu alikuwa mimi. Kazi nimemkabidhi Rehema, binti wa kaka yangu, na paswedi zote nimemkabidhi, kisha nikazisahau kwa makusudi ili asiniite kila wakati shangazi njoo uone hiki, shangazi njoo uone kile. Ni yeye aliyeniomba niwaandikie nyinyi mnaojifunza kwake kazi ya matangazo ya mtandaoni. Alinipa hata vichwa vya habari vya kufuata. Nimevitupa. Nitaandika kama ninavyokumbuka, na atakayeona naruka huku na huku avumilie, ndivyo kichwa changu kilivyopangwa.

Nianze na enzi za kafe. Wakati ule mtu hakuwa na intaneti, alikuwa anakwenda intaneti, kama mtu anavyokwenda sokoni. Alioga, akavaa, akapulizia na manukato, akaja kukaa kwenye benchi kusubiri zamu. Wengi hawakujua kuchapa, basi wakaniambia maneno nami nikayachapa. Alikuwapo mzee mmoja mwenye mtoto ng'ambo. Anasema, "Andika, kwa mwanangu mpendwa, asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, mama yako hajambo, shangazi zako hawajambo, majirani wa kushoto hawajambo." Muda wake unakwisha na bado yuko kwa majirani wa kulia. Mimi nilikuwa na haraka za ujana, nikamwambia, "Mzee, tuingie kwenye jambo lenyewe." Akaweka kiganja chake juu ya kibodi, akanitazama. "Binti, salamu ndiyo jambo lenyewe. Hilo jingine dogo tu."

Nilidhani ni uzee. Miaka ikapita, kurasa za mtandaoni zikaingia, nami nikaweka tangazo langu la kwanza kabisa, la muuza samaki wa huku kwetu. Niliandika kwa herufi kubwa: SAMAKI WABICHI KILA SIKU. PIGA SIMU. Nikakaa kusubiri. Ikaja komenti moja tu, ya mtu nisiyemjua, kaandika: "Wa alaykum salaam." Kaitikia salamu ambayo sikuitoa! Na mji mzima ukailaiki komenti ile, samaki hawakuulizwa. Nikalifuta tangazo, nikaanza upya, nikasalimu kwanza, nikauliza habari za asubuhi, ndipo nikataja samaki, changu na tasi. Watu wakajibu, wakazungumza, wakanunua. Watu wa mjini watawaambia kwamba salamu inapoteza sekunde. Wakiuza huku kwetu watajifunza.

Kuhusu muda, hilo nalo nimelisomea kwa macho. Zamani za kafe, watu walikuja alasiri, jua likipungua. Vilipoingia vile vitochi, simu ndogo za vibonyezo zenye intaneti ya kubahatisha, wakawa wanaperuzi popote panaposhika mtandao, na kulikuwa na jiwe moja karibu na uwanja wa mpira ambalo halikukosa mtu juu yake, simu kainyoosha mbinguni. Sasa mna simu za kupangusa. Mtu akishatoa salamu ya sala ya alfajiri, chai haijachemka, kidole gumba kimeshaanza kazi. Kinapanda, kinapanda, kinapanda. Zamani msomaji alisoma tangazo mpaka namba ya simu, kwa kuwa alishalipia kiti. Siku hizi unapewa muda wa mtu kupepesa jicho, na ukishindwa kumshika hapo, ameshafika kwa mwingine anayecheza na paka.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani wenyewe. Nilikuwa na mteja wa vitafunwa, nikapiga picha ya kalimati zinazong'aa shira, nikaipandisha saa kumi jioni, nikiamini nimepatia kwelikweli: watu wana njaa, wataagiza. Simu ikaita. Mwanamume, sauti nzito, kanitolea salamu kamili, kisha akasema, "Bi mkubwa, ile picha yako, saa hizi, huo ni uchokozi." Nikamwomba radhi. Akaniuliza zinapatikana wapi. Nikamwelekeza. Tangu hapo kalimati nilizipandisha baada ya kufuturu, kwa ajili ya daku na kesho yake, na mauzo hayakupungua.

Nisimsahau Bwana Chande, aliyekuwa akiuza viwanja kule Mapinga. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo moja kuhusu nyinyi wanunuzi wa mtandaoni, kwamba mnaamini picha na hamuamini bei. Kila tangazo lake lilikuwa na bahari nyuma, japo kiwanja chenyewe ukisimama juu yake unaona mikorosho tu. Bei hakuitaja, aliandika "bei njoo inboksi," kana kwamba bei ni aibu ya familia. Na chini yake: dakika tano kutoka lami. Wateja wakatoka mjini na viatu vya ofisini, wakashuka barabarani, wakatembea. Wakatembea tena. Mama mmoja alinipigia akiwa katikati ya shamba la mihogo, anahema. "Dada, hizo dakika tano mlizipima kwa kitu gani?" Nilimwuliza Chande swali hilohilo. Akajibu bila haya, "Kwa pikipiki, ila sikusema barabara ikiwa kavu." Nilimwambia aandike hivyohivyo: dakika tano kwa bodaboda, kiangazi. Akanuna siku nzima, akaandika. Watu wakacheka, wakaja wamejiandaa, wengine na buti kabisa, na viwanja vikauzika. Mkitangaza, semeni mlichopimia.

Kabla ya kompyuta zote hizo, mwalimu wangu wa matangazo alikuwa Mzee Kondo, mwenye gari bovu na spika mbili za tarumbeta juu yake. Alinichukua nikiwa msichana, kwa sababu ya sauti yangu, nikawa nakaa mbele na kipaza sauti. Tulitangaza mechi, dawa za mbu, muziki wa dansi, mkutano wa wazazi. Sauti alikuwa akiipima kwa kuku. "Kuku wakikimbia, punguza," aliniambia, "na watu nao wanakimbia, ila hawana mbawa." Nikiwaona nyinyi mnavyoweka maandishi mekundu yanayowakawaka na muziki wa kupasua masikio, huwa namfikiria Mzee Kondo na kuku wake.

Lakini niliyekubali kuandika kwa ajili yake hasa ni Bi Tatu.

Bi Tatu ni rafiki yangu tangu madrasa, na ni mpishi wa shughuli. Mama yake alipika, bibi yake alipika. Harusi, maulidi, khitma, sufuria lililopanda juu ya mafiga lilikuwa la kwao. Hakuwahi kujitangaza, kwani nani angemtangazia nani? Kisha wakaja wapishi wa mjini wenye kofia nyeupe na vyombo vya kumetameta, na wana klipu za kila pembe: nyanya zimekatwa maua, matikiti yamekatwa ndege. Mabinti wanaoolewa siku hizi wanachagua mpishi kwa kidole gumba, wamelala. Ikafika mfunguo mosi mmoja, mwezi ule wa baada ya Ramadhani ambao huku kwetu harusi hazina nafasi ya kupishana, Bi Tatu hakuitwa hata moja.

Alikuja kwangu, akakaa, akavua ushungi, akajipepea nao.

"Zena," akasema, "sufuria zangu zina buibui. Msimu ujao ukipita hivi, nauza vyombo, nahamia kwa mwanangu Mbegani."

"Kwani kwa mwanao kubaya?"

"Si kubaya. Lakini nitakuwa nakula chakula cha mkwe, naye ananitazama ninavyotafuna. Mimi! Nimelisha mji huu!"

Aliyasema hayo akicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji, nami roho iliniuma. Nikamwita Rehema pale pale.

Msimu uliofuata ulipokaribia, Rehema alitengeneza tangazo. Alikuwa na picha za harusi ya Mwajabu, jirani yetu, ambapo Bi Tatu alipika kwa hisani, na wenye shughuli waliridhia zitumike. Niseme kweli, lilikuwa tangazo zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza mimi. Linaanza na vigelegele, vile vya kutoka tumboni. Mfuniko wa sufuria unafunuliwa, mvuke unapanda, unamwona Bi Tatu na mwiko wake mrefu kama kasia. Anasema kwa sauti ile yake, "Asalaam alaykum, jamani! Waiteni wote, leo kuna raha!" Kisha walaji. Rehema akaliwekea mipaka lionekane Bagamoyo tu, kwa wanawake tu, tena lirudierudie. Akaliwasha asubuhi, akapanda basi kwenda Msata kumpiga picha mteja wake wa matairi.

Asubuhi hiyohiyo Mzee Jumbe akafariki.

Mzee Jumbe alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Aliendesha lori la chumvi maisha yake yote, mtu wa mwili na wa kicheko, akicheka kwake unasikia kwangu. Miaka ya mwisho alikuwa na sukari, na mkewe, Bi Mwantumu, alimlinda kama polisi. Alimpimia ugali wa dona, akamchemshia mchicha, akamfuata mpaka kwenye baraza za wenzake kukagua vikombe vya chai. Moyo ulisimama tu, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu.

Mkisikia msiba hamfikirii tangazo. Unafikiria kanga yako iko wapi. Mimi na Bi Tatu tulitoka pamoja, mimi nikaingia ndani kukaa na wanawake kwenye mikeka, yeye akapitiliza uani, akapandisha sufuria. Hiyo ni ada, msiba wa mtaani mpishi haitwi, anakwenda. Baada ya sala ya alasiri wanaume wakaondoka na jeneza kwenda makaburini. Sisi tukabaki na uradi, na harufu ya vitunguu kutoka uani, kwani wale wanarudi na njaa.

Sasa angalieni jinsi mambo yalivyojipanga. Habari za msiba zilikuwa zimewekwa kwenye grupu la mtaa. Ndugu wa Pangani wanauliza, wa Tanga wanauliza, kila mwanamke pale mkekani simu yake inamtekenya mapajani. Wakawa wanazifungua mojamoja, chini ya kanga, kuwajibu jamaa. Na mtu akishamjibu jamaa, kidole gumba hakirudi bure, kinapanda kidogo. Mji mzima wa wanawake ulikuwa mtandaoni kwa wakati mmoja, chumba kimoja. Tangazo letu lingetaka nini zaidi?

Vigelegele vikalia.

Na mnajua simu za huku kwetu, sauti iko juu mchana kutwa, ili mtu akiwa uani aisikie ikilia chumbani. Vilipasua kile chumba. Vichwa vyote vikageuka. Binti mwenye simu akaibonyeza kila mahali ila panapotakiwa, mwishowe akaikalia. Ikaendelea kumlilia chini. Hatujapumua, vikalia kona ya pili, kwa bibi mmoja mnene ambaye hakujua hata kama ni kwake, anatazama huku na huku kumtafuta mkosaji. Halafu mlangoni. Halafu ikaja sauti ya Bi Tatu mwenyewe, kubwa, imechangamka, juu ya mikeka ya msiba: "Waiteni wote, leo kuna raha!"

Na Bi Tatu akatokea mlango wa uani, mwiko mkononi, ameisikia sauti yake ikimtangulia.

Bi Saumu, dada wa marehemu, alisimama. Huyu ni mwanamke anayeogopwa na maimamu. Hakupiga kelele. Alisema neno moja kwa upole mbaya kabisa:

"Tatu, weka mwiko chini."

Mkiwa wageni wa huku hamtauelewa uzito wake, basi niwaeleze. Mpishi aliyeambiwa msibani aweke mwiko chini, mbele ya wanawake wa mji, hakuna tena atakayemwita kwenye harusi. Kabla ya magharibi habari imefika Kaole. Sufuria zile zilikuwa zimekwisha kuuzwa, na Mbegani alikuwa amekwisha kuhamia, yote kwa maneno manne. Bi Tatu alibaki amesimama, wali umemdondokea miguuni, hausikii moto wake.

Nikatoa simu kumpigia Rehema. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani, jaribu baadaye. Paswedi sina, nilizisahau kwa makusudi, kama nilivyowaambia kwa majivuno kule juu. Nikalifungua lile tangazo kwenye simu yangu nikitafuta pa kulishtaki. Simu ikaniuliza kwa heshima zote kwa nini sitaki kuliona. Halinihusu? Linajirudia? Ni la udanganyifu? Nilitafuta palipoandikwa "tuna msiba," sikupaona.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Kondo. Alikuwa akiona turubai la msiba, anazima muziki na spika kabla ya kona, tunapita kimya, na ngoma tuliyolipiwa kuitangaza inasubiri. Tena alishuka, akaulizia saa ya maziko, na mtaa wa pili akaitangaza hiyo bure. Alikuwa na macho mbele. Tangazo la Rehema halikuwa na macho, lilikuwa na mipaka ya ramani tu, na ndani ya ramani hiyo hakuna mashine inayoona turubai.

Mara chumba cha ndani kikafunguka pazia. Bi Mwantumu, mfiwa, ndiye aliyeuliza.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, wifi," Bi Saumu akajibu. "Jilaze."

"Nimesikia vigelegele nyumbani kwangu, unaniambia hakuna kitu? Zena yupo? Zena, niletee hiyo simu."

Nikainuka. Nilikuwa mlangoni kwake ndipo nikakumbuka tangazo lile linamalizika na nani. Mwishoni kabisa, baada ya walaji wa kwenye masinia, Rehema alikuwa ameweka kipande alichokinasa nyuma ya turubai la jikoni: mwanamume mzima amejibanza peke yake, sahani imejaa pilau mlima, nyama juu, anakula kwa mkono huku amefumba macho. Ni Mzee Jumbe. Rehema alimwomba ruhusa siku ile ya harusi, naye akamjibu, tia tu mwanangu, mradi mke wangu ana kitochi.

"Dada Mwantumu," nikasema, "ni tangazo tu la biashara, si la kutazama saa hizi."

"Washa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikawasha, sauti nimeipunguza. Vigelegele, mfuniko, mvuke, Bi Tatu. Uso wa mfiwa haukuonyesha kitu. Kisha akaja mumewe. Bi Mwantumu akaisogelea simu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hii harusi ya Mwajabu?"

"Ndiyo, dada."

"Alirudi nyumbani siku ile," akasema polepole, "akaniambia kala kachumbari."

Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, Bi Saumu mbele yao. Sijui kicheko kilianzia wapi. Nadhani kilianzia mabegani, kwani niliona yakitikisika, nikadhani analia, nikaweka mkono wangu. Alikuwa anacheka. Alikuwa analia pia, vyote pamoja, machozi yanadondoka juu ya simu yangu na kidole chake kinaelekea kwenye ile sahani. "Kachumbari! Mwoneni! Mwoneni mwongo mkubwa! Nami nikamhurumia, usiku nikamwongezea papai!" Yule bibi mnene akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata mwingine. Nyumba nzima ya msiba ikacheka, vilevile kama ambavyo marehemu mwenyewe angecheka, mtaa wa pili wakasikia.

"Tatu yuko wapi?" Bi Mwantumu akauliza, anajifuta kwa pembe ya kanga. "Mwiteni."

Bi Tatu akaja, mwiko bado mkononi, kumbe hakuuweka.

"Uliyempakulia ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Nisamehe. Alinikataza nisikwambie."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Alishiba?"

"Mpaka akafungua kifungo cha suruali, dada."

Bi Mwantumu akatikisa kichwa, muda mrefu, anatabasamu. Mimi mwaka mzima, akasema, nilimwona akila mchicha kama mtu anayekula adhabu, nikawa nawaza tangu asubuhi kwamba ameondoka duniani na hamu yake. Kumbe alikula. Akamshika Bi Tatu mkono ule wenye mwiko. "Alhamdulillah. Rudi kwenye sufuria lako, wanaume wanarudi makaburini na njaa. Na arubaini utapika wewe."

Bi Saumu alisikia, mji ukasikia. Alijitoa mlangoni kumpisha Bi Tatu apite, na baadaye nilimwona uani akimshikia mfuniko.

Rehema alipatikana jioni. Alizima tangazo hata kabla sijamaliza kumweleza, kisha akalia kwenye simu mpaka nikachoka kumbembeleza. Tangu siku ile hawashi tangazo la huku bila kuacha mtu mwenye paswedi ndani ya mji, na grupu la mtaa analisikiliza kuliko takwimu zake. Likitangazwa la msiba, matangazo ya shangwe yanalala siku tatu. Wateja wa mjini wanashangaa. Wa huku hawajawahi kuuliza kwa nini.

Arubaini ilipikwa, na msimu wa harusi uliofuata Bi Tatu alikosa nafasi ya kupumua. Sufuria moja alilazimika kuliazima kwa jamaa. Mbegani anakwenda Jumapili, anapika yeye, na mkwe ndiye anayetazamwa anavyotafuna.

Bi Mwantumu alipotoka eda, Rehema alikwenda kumwamkia, nami nikamsindikiza. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Rehema akasema kwa adabu kwamba Bi Tatu anataka tangazo lake lirudi, na kwamba yeye angekiondoa kile kipande cha mwisho, kwa heshima ya marehemu. Tena hata kitaalamu, akaeleza, watu wamebadilika, bibi, tangazo refu hawalifikishi mwisho, wanapangusa katikati. Siku hizi ni sekunde chache tu, basi. Angelikata pale Bi Tatu anaposema kuna raha.

Bi Mwantumu alimsikiliza mpaka akamaliza. Mjukuu wake alikuwa amempa simu ya kupangusa, ilikuwa mapajani kwake, kioo juu.

"Wasiosubiri wapite zao," akasema. "Yeye mwacheni amalize sahani yake."